Wembe wa kukunja: namna ya kutengeneza mpini wa tabaka usiopasuka

Msikilizaji wetu mmoja wa Kiongoroni ametuuliza swali ambalo mwanzoni tulidhani ni dogo. Ana wembe wa kukunja aliorithi kwa babu yake. Chuma bado ni kizima na kinashika makali, ila mpini wa mti umepasuka kwenye pini, na wembe ukifungwa makali yanachomoza pembeni. Juzi nusura yamkate mtoto. Anauliza: mpini mwingine unaweza kutengenezwa nyumbani, na kwa mti gani?

Unaweza. Lakini tuanze na sababu ya ule wa kwanza kupasuka. Mti una nyuzi, na ukipata maji huvimba kwa upana kuliko kwa urefu, ukikauka husinyaa vilevile. Huku delta mpini unaloweshwa asubuhi, unaachwa dirishani juani, usiku unanyonya unyevu tena. Ukiwa ni kipande kimoja chembamba chenye tundu karibu na ncha, ufa huanzia kwenye tundu hilo na kufuata nyuzi.

Dawa yake ni tabaka. Tazama ukingo wa plaiwudi: nyuzi za tabaka moja zimelala, za linalofuata zimekatiza. Moja likitaka kupasuka, jirani yake analizuia. Mpini hufanywa hivyohivyo, tabaka tatu kila upande, kila tabaka likiwa na unene wa ile kadi ya plastiki inayobeba laini mpya ya simu. La katikati ndilo linalokatiza. Ziwe tatu, si mbili. Sisi tulijaribu mbili, na kesho yake kipande kilikuwa kimejipinda kama jani kavu, kwa sababu upande mmoja ulivuta na wa pili haukuwa na wa kuushindania.

Kuhusu mti, usikimbilie mkoko. Misitu ya mikoko ya delta ni hifadhi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kukata bila kibali ni kosa hata kama unataka kipande cha vidole viwili. Nenda kwa seremala umwombe mabaki ya mninga, mkongo au mtiki. Mpingo unapendeza sana ukiwekwa juu ya mti mwekundu, lakini una mafuta yanayokataa gundi: upige msasa, uufute kwa spiriti, na gundi ipakwe mara tu spiriti inapokauka. Vumbi lake huwasha ngozi na kukera kifua, kwa hiyo funga pua na mdomo.

Kata vipande kwa msumeno wa meno madogo, kisha uvisugue juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka hadi vifikie unene wa kadi. Gundi nyeupe ya seremala ya kawaida hulegea ikiloa kila siku. Tumia ile ya kuchanganya mirija miwili. Paka pande zote zinazokutana, funika kwa nailoni, bana kati ya mbao mbili kwa jiliwa. Usikaze kupita kiasi, utaikamua gundi yote itoke. Acha mpaka kesho.

Pande mbili za mpini zibanwe pamoja na zitobolewe kwa mara moja, ndipo matundu yatalingana. Ukimaliza tupa na msasa, paka vanishi hadi ndani ya matundu, maana hapo ndipo maji huingilia. Kwenye mwisho unaopokea ncha ya wembe weka kabari ndogo kati ya pande hizo mbili, zisikutane zikagusa makali.

Kabla ya kufunga pini kuna neno kwa vinyozi. Mpini wa mti hauchemshwi, na damu hujificha chini yake pale kwenye pini. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza. Wembe huu uwe wa mtu mmoja kwa ndevu zake. Kwa wateja, tumia wembe mpya kwa kila mtu.

Pini isiwe ya chuma, kwa chumvi hii itashika kutu. Waya mnene wa shaba uliobaki kwa fundi umeme unafaa, ukiwa unapita kwenye tundu bila kulegea. Kwanza zungushia makali kitambaa kizito. Weka washa ndogo kila upande, kata waya ubaki umechomoza kidogo, kisha ugongegonge kwa nyundo ndogo huku ukifungua na kufunga wembe kila baada ya mapigo machache. Ukiona unafunguka wenyewe ukiuinamisha, gonga tena. Ukibaki pale ulipouacha, na makali yakilala katikati bila kugusa mti, acha hapohapo. Pigo moja la ziada linaweza kuupasua mpini uliouhangaikia siku mbili.