Kilo ni za leo, franka ni za juzi

Mu bilo za kooperative nyingi, malipo yetu yanapitia fishie mbili za Excel. Moja, ya kipimo, inaandika kilo na tenere ya kila loti. Ya pili, ya kese, inavuta namba hizo na kuzizidisha kwa bei.

Tuchukue mfano: fishie ya kese ilitengenezwa kwa Excel 2021, lakini ordinatere ya kese ingali na 2016. Aliyeitengeneza alitumia RECHERCHEX. Excel ya zamani haijui neno hilo. Ikipiga hesabu upya inaandika #NOM? pahali pa franka. Hiyo ni afazali, kila mutu anaiona.

Mubaya njo ile haionekane. Fishie ya kipimo ikihamishwa kwa kle ya USB, ya kese haiipate tena. Programu inauliza kama ilete namba mpya. Foleni ni ndefu, karani anakataa, na zinabakia zile za mwisho. Unalipwa kilo za juzi.

Dawa iko: waandike RECHERCHEV, Excel zote mbili zinaijua. Fishie zote zikae mu dosie moja, ya kipimo ifunguliwe kwanza. Kama kiungo kimekatika, waende kwa Données, «Modifier les liens», waonyeshe pahali mpya. Na fishie ya .xls igeuzwe .xlsx, kwani ya zamani inaishia mustari wa 65.536.

Sisi tulio inje ya dirisha, tutunze bon ya kipimo. Kabla ya kuhesabu franka, tuombe kuona kilo zilizoandikwa mu fishie ya kese.