Debian ndani ya kontena: jaribu mfumo mpya bila kugusa tasnifu yako

Tuseme una laptop moja tu. Inatumia Linux, na ndani yake kuna tasnifu, data za maabara na picha za harusi ya dada. Sasa programu unayoihitaji inadai toleo jingine la mfumo. Ufute diski? Hapana aisee! Unaweza kuweka mfumo mzima ndani ya mfumo, pamoja na eneokazi lake, yaani ile skrini yenye menyu na madirisha.

Njia ziko mbili, na wengi wetu huzichanganya. Kompyuta pepe, kama ile ya VirtualBox, ni sawa na kujenga nyumba nyingine uani: ina msingi wake na mita yake ya umeme. Unaitengea RAM na diski, halafu mfumo wake unawasha keneli yake yenyewe. Keneli ndiyo sehemu ya mfumo inayoongea na prosesa, kumbukumbu na diski.

Kontena ni chumba cha kupanga. Mlango na ufunguo ni wako, ila msingi na mita ni vya nyumba nzima. Kontena haliwashi keneli, linatumia ile ya mwenyeji. Ndiyo maana linawaka kwa sekunde chache tu. Na ndiyo maana huwezi kuweka Windows ndani ya kontena la Linux: keneli siyo yake. Hapo itabidi utumie kompyuta pepe.

Wazo lenyewe si la jana. Unix ilipata chroot, babu wa makontena, mwaka 1979. LXC ikaja 2008, na Docker 2013. Docker hutumika zaidi kufungasha programu moja moja. Kwa mfumo mzima, Incus inafaa zaidi. Ukishaisakinisha, andika:

incus launch images:debian/12 meza
incus exec meza -- apt update
incus exec meza -- apt install xfce4 dbus-x11 xrdp
incus exec meza -- adduser asha

Mstari wa kwanza unapakua Debian 12 na kuwasha kontena liitwalo "meza". Wa pili unasasisha orodha ya programu. Wa tatu unaleta XFCE, eneokazi jepesi, pamoja na xrdp. Kwa nini xrdp? Kwa sababu kontena halina kioo chake, hivyo picha inasafirishwa kwa mtandao kupitia mlango 3389. Wa nne unaunda mtumiaji na nywila yake.

Sasa andika "incus list" uone anwani ya IP ya kontena. Fungua Remmina kwenye laptop, chagua RDP, weka anwani hiyo, kisha ingia kama asha. Eneokazi hilo hapo!

Kabla hujaanza kuchezea, hifadhi hali ilivyo:

incus snapshot create meza safi

Ukiharibu, rudi ulikotoka:

incus snapshot restore meza safi

Tahadhari mbili. Kwanza, usijaribie virusi humo. Keneli ni moja, na ufa wa msingi ni wa wapangaji wote. Pili, hali uliyohifadhi inakaa kwenye diski ileile. Laptop ikiibiwa, vyote vimeondoka. Kwa hiyo kabla ya amri ya kwanza, nakili tasnifu kwenye flashi, halafu flashi isikae kwenye begi moja na laptop.