Mtandao ukisumbua Kitui na Makueni, shida huwa wapi?

Umetuma pesa siku ya soko na meseji haiji. Usitume tena! Angalia salio kwanza. Huenda pesa zimeshafika na ni meseji tu iliyochelewa.

Lakini kwa nini inachelewa? Kitui ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, na makazi yametawanyika. Mnara mmoja, ule wengi tunauita busta, huhudumia eneo pana sana. Makueni nayo ina milima kama Mbooni na Kilungu. Ukikaa bondeni nyuma ya mlima, unaweza kukosa netiwaki hata kama mnara uko karibu.

Ndiyo maana kabla ya kuboresha mtandao, wahandisi huuliza: wateja wako wapi, na wanatumia nini, saa ngapi? Kama shida ni umbali, masafa ya chini kama megahezi 800 au 900 hufika mbali zaidi. Kama ni mlima, huenda ukahitajika mnara upande wa pili. Kama ni msongamano wa siku ya soko au msimu wa maembe, mnara huongezewa uwezo wa kuhudumia simu nyingi kwa pamoja.

Kwa hivyo ukipigia huduma kwa wateja, usiseme tu "netiwaki ni mbaya." Taja kijiji, saa, na vijiti vya netiwaki ulivyoona. Vimejaa lakini muamala umekwama? Huenda ni msongamano. Hakuna hata kimoja? Huenda ni umbali au mlima. Suluhisho ni tofauti kabisa.