Kutoka Dunguni Hadi Singidani

Uwele ukianza kukomaa Mwankoko, mtoto hana usingizi wa alfajiri. Enzi zetu ulitolewa kitandani kabla ya jua, ukapelekwa shambani kuamia. Unapanda dungu, teo mkononi, mabonge ya udongo mkavu miguuni, na kazi yako ni moja: kweleakwelea wasitue. Kwelea hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama moshi unaojikunja, wanageuka wote kwa pamoja, na wakishatua umeshindwa. Basi unajifunza kuwaona wakiwa bado mbali. Unajifunza kwamba msimu wa kuzaa ukifika mdomo wa dume huwa mwekundu, wa jike ukageuka njano. Unajifunza kwamba mwewe akipita, kundi zima linabanana likawa bonge moja angani. Hayo yote niliyajua nikiwa na miaka kumi, na nilidhani ni mambo ya kufukuza ndege tu.

Leo ndege hao hao ndio wanaonitoa kitandani, ila teo nimeiacha. Nabeba darubini yenye kioo kimoja kilichochubuka, daftari la shule na kalamu mbili, maana moja hugoma baridi ya asubuhi ikizidi. Kisha nashika njia ya ziwani.

Watu wa mjini wanaijua Mwankoko kwa visima virefu vinavyowapelekea maji ya bomba. Kwangu mimi, hilo ndilo somo la kwanza la maumbile ya Singida. Chini ya miguu yetu kuna maji matamu, na mjini hapo Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi. Mvua ni ile ile, inayoanza mwishoni mwa mwaka na kukoma Aprili au Mei. Ile inayozama hupenya kwenye nyufa za miamba. Ile inayokimbilia bondeni haina mto wa kuitoa. Tuko juu huku, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na jua na upepo wa Singida huyanywa yale maji na kuiacha chumvi, mwaka baada ya mwaka, katikati ya mawe yale makubwa ya mviringo ambayo mgeni hudhani yamepangwa na mtu.

Njiani sina haraka. Kwenye mibuyu na migunga huwa nasimama kuwaangalia kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na ukosi wa njano. Asili yao ni Tanzania hii, ukanda huu wa katikati. Wamefungiwa kwenye vizimba vya nyumba za watu Ulaya na Marekani, wakanunuliwa na wakazalishwa huko, na wengi wanaowalisha mbegu za alizeti hawajapata kulisikia jina la Singida. Nikiwaona wakitoka kwenye tundu la mbuyu wakiwa huru, wakipiga kelele zao, moyo wangu hutulia.

Kufika ziwani ni lazima kabla ya saa mbili. Baada ya hapo upepo unaamka, maji yanachafuka, na joto linaifanya hewa icheze mpaka heroe mmoja aonekane wawili. Heroe ndio hao ambao wengi wetu tunawaita flamingo, na Singidani inao wa aina mbili. Mkubwa ni mrefu, mweupe kuliko mwenzake, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Mdogo ana rangi iliyokolea na mdomo wa damu ya mzee. Wote wawili hula wameinamisha kichwa juu chini, ulimi ukisukuma maji ndani na nje kama pampu, na vichujio vya mdomoni vikibakiza chakula. Mkubwa hutafuta wadudu wa majini na vijikamba. Mdogo anataka kitu kidogo zaidi, vijimea vya kijani-bluu visivyoonekana kwa macho isipokuwa vikiwa vingi, vinavyolipa ziwa rangi ya mchicha uliopondwa. Humo ndimo inamotoka rangi ya waridi ya manyoya yake. Heroe asiyepata chakula hicho hupauka.

Kuwahesabu ni kazi ya dungu tupu. Unahesabu kumi, mmoja mmoja. Unaangalia ukubwa wa hao kumi, kisha unatafuta mafungu kumi ya namna hiyo mpaka upate mia. Ukishaijua mia ilivyo machoni, unaipanga ukingo hadi ukingo kama mtu anayepima shamba kwa hatua. Unarudia kutokea upande wa pili. Hesabu mbili zikipishana sana, unaanza upya. Kisha unaandika tarehe, saa, upepo, maji yamefika jiwe gani. Jiwe ni muhimu kama ndege, na nitasema kwa nini.

Maji yakipanda kwa mvua nyingi, chumvi huzimuliwa, vile vijimea vya kijani hupungua, na heroe wadogo huondoka. Maji yakishuka kupita kiasi, huondoka pia. Wakenya wameliona hilo vizuri Nakuru, ziwa lililokuwa likipamba kalenda za nchi nzima, ambalo lilianza kufurika zaidi ya miaka kumi iliyopita na ndege wake wakahamia Bogoria na kwingineko. Mwaka 2024 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuyatazama maziwa 22 ya magadi ya Ethiopia, Kenya na Tanzania kwa picha za satelaiti za zaidi ya miaka 20, wakaonyesha kwamba maji yanavyopanda ndivyo chakula cha heroe kinavyopungua. Kazi hiyo naiheshimu mno. Lakini satelaiti huona ukijani wa maji. Haioni kwamba asubuhi fulani ya Februari heroe 400 walikuwa wamekusanyika penye chemchemi wakinywa na kuoga. Hilo linaonwa na mtu aliyesimama tope likiwa vifundoni, na likionwa bila kuandikwa linakufa naye.

Ndiyo maana namkumbuka mara kwa mara Jali Makawa. Alikuwa Myao wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliyefanya kazi kwa miongo mingi na Mwingereza C. W. Benson wakitafuta ndege katika nchi za kusini yetu. Hakuwa na shahada. Septemba 1964, huko Mayau kaskazini magharibi mwa Zambia, alipatikana ndege mdogo wa jamii ya wale wanaolia kama fundi bati anayegonga, lakini kifua chake cheupe hakikufanana na cha yeyote aliyejulikana. Mwaka uliofuata akapewa jina la Pogoniulus makawai, kwa heshima ya Makawa. Mpaka leo kielelezo ni hicho kimoja tu, kimehifadhiwa Tring, Uingereza, na wataalamu bado wanabishana juu yake. Ni Waafrika wangapi waliotembea, wakasikiliza na wakajua, na majina yao hayakuandikwa popote? Swali hilo huniuma kila ninapofungua kitabu cha ndege.

Upande wa pili yuko Leslie Brown, afisa kilimo wa Kenya, ambaye mwaka 1954 alithibitisha kwamba heroe wadogo huzaliana Ziwa Natron. Alijaribu kuwafikia kwa miguu kupita tope la magadi, likamuunguza miguu mpaka nusura aipoteze. Natron ndiyo leba ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki: jike hutaga yai moja juu ya kichuguu cha tope, mahali ambapo fisi hafiki kirahisi. Kwa hiyo heroe wa Singidani si wetu wa Singida peke yetu.

Na safari zao ni za usiku. Hapa ndipo jiwe langu na daftari langu vinapogusana na mambo makubwa. Singida sasa ni njia panda ya umeme: laini ya kilovolti 400 inatoka Iringa kwenda Shinyanga kupitia kwetu, na nyingine inapanda kupitia Babati na Arusha hadi Namanga kuungana na Kenya. Umeme tunauhitaji, sibishi. Lakini kokote waliko duniani, heroe hufa kwa kugonga nyaya gizani. Vifaa vya kuning'iniza kwenye waya ili ndege waione vipo na vinatumika nchi nyingine. Wapi viwekwe kwanza, jibu linatoka kwa mtu anayejua ndege wanaondokea pembe ipi ya ziwa, mwezi gani, upepo ukitoka wapi. Mtu huyo hawezi kuwa mgeni wa siku tatu.

Kila Januari, nchi nyingi duniani huhesabu ndege wa majini kwa pamoja, zoezi lililoanza mwaka 1967. Januari kwetu ni msimu wa palizi, na ni mwezi ambao tope la Singidani linajaa kitwitwi wadogo waliotoka kaskazini ya mbali, Siberia, kila mmoja na uzito wa gramu 25 hivi. Mara ya mwisho watoto wanne wa Mwankoko walinifuata. "Shikamoo babu, unahesabu nini?" Nikawaitikia, nikawapa darubini wapokezane, nikawaonyesha mia ilivyo. Mdogo wao, binti ambaye bado anaamia uwele wa bibi yake, alikataa darubini. Alitazama kwa macho matupu, akanyamaza kidogo, akasema, "Babu, umewaruka wa nyuma ya jiwe."

Nikazunguka jiwe. Walikuwa 63. Nikamkabidhi kalamu, akaandika mwenyewe.