Dawa ya maumivu isisubiri kilio
Somo la panya wa maabara kwa wagonjwa wa Juba na wafanyabiashara wa mpakani

JUBA. Mfanyabiashara anayejiandaa kufanyiwa upasuaji wa ngiri hupanga mengi kabla ya siku yenyewe. Anajua nani atabaki dukani Konyo Konyo, nani atapokea mzigo ukivuka kutoka Elegu, na fedha za hospitali zitatoka wapi. Jambo moja husahaulika: usiku wa kwanza, ganzi ikiisha, atapewa dawa gani ya maumivu, na saa ngapi?

Mara nyingi mgonjwa huambiwa aite muuguzi akizidiwa. Lakini mtu aliyelelewa kuvumilia haiti. Mwanamume hujikaza mbele ya ndugu zake. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hunyamaza ili asiwatie wageni hofu. Asubuhi akiulizwa hali, jibu ni "tamam".

Kuna wataalamu ambao wagonjwa wao hawasemi kabisa, wala hata "tamam" hawana. Hao ni wahudumu wa panya wa maabara. Wamelazimika kutafuta njia ya kutibu maumivu bila kusubiri kilio, na njia hiyo ina faida kwa binadamu pia.

Mgonjwa anayeficha

Dawa nyingi za hospitali hupitia kwanza kwa panya, wakubwa kwa wadogo. Wengine hupasuliwa katika utafiti huo. Panya huwindwa na paka, bundi na nyoka, kwa hiyo anayeonyesha udhaifu ndiye hukamatwa kwanza. Akiwa na kidonda, hutulia kimya. Tena ni mnyama wa usiku, na anayemchungulia mchana humkuta amelala, akadhani mambo ni shwari.

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni mwa panya wadogo. Huangaliwa mambo matano: macho yaliyofinywa, pua na mashavu yaliyotuna, masikio yaliyorudi nyuma, na masharubu yaliyobadilika mkao. Kila dalili hupewa alama kuanzia 0 hadi 2. Mwaka uliofuata kikatoka kipimo cha panya wakubwa.

Uso pekee hautoshi. Panya mwenye maumivu hukunja mgongo, manyoya husimama, huacha kujenga kiota na hupungua uzito. Panya mkubwa huweza kutoa uchafu mwekundu kuzunguka macho, ambao mgeni hudhani ni damu. Mhudumu mzuri humpima na kumtazama kabla ya upasuaji, ili baadaye ajue kilichobadilika.

Saa ndiyo inayoamuru

Somo la pili ni la wakati. Dawa ya kwanza hutolewa kabla ya kisu kugusa ngozi. Mishipa ya fahamu ikishachokozwa sana, maumivu huwa makali zaidi na kuyatuliza huhitaji dawa nyingi zaidi. Baada ya hapo dozi hufuata saa. Buprenofini, dawa ya jamii ya mofini, kwa panya hudumu saa chache tu, hivyo sindano moja ya asubuhi haiwezi kumvusha usiku. Meloksikamu, inayopunguza uvimbe, hudumu karibu siku nzima. Mara nyingi hutumiwa pamoja, kwa kuwa kila moja hufanya kazi kwa njia yake na dozi ya kila moja huweza kuwa ndogo.

Wapo waliojaribu kurahisisha kazi kwa kutia dawa kwenye maji ya kunywa. Tatizo ni kwamba panya aliyetoka kupasuliwa hanywi vizuri, kwa hiyo anayehitaji dawa zaidi ndiye anayeipata kidogo. Ni sawa na kumwachia mgonjwa vidonge juu ya meza naye hawezi kuinuka.

Maabara hazifanyi haya kwa huruma peke yake. Mnyama mwenye maumivu hubadilika homoni na kinga ya mwili, na majibu ya utafiti huharibika. Sheria nazo zinabana. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu wanyama wa utafiti yanataka maumivu yazuiwe au yapunguzwe kadiri inavyowezekana.

Kwa binadamu hasara ni kubwa zaidi. Aliyepasuliwa tumbo akiumia haathubutu kukohoa wala kuvuta pumzi ndefu, na mapafu huweza kupata nimonia. Asipoinuka kutembea, damu huweza kuganda miguuni. Maumivu yasiyotibiwa humchelewesha kurudi sokoni.

Tani 298 na kilo 100

Hata hivyo mgawanyo wa dawa duniani haufuati uzito wa maumivu. Tume ya jarida la kitabibu The Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo 100. Mofini ya kawaida si dawa ghali. Kinachokwamisha ni hofu ya uraibu, sheria nzito, na uchache wa watu walioruhusiwa kuiandika.

Mfano wa kushinda vikwazo hivyo uko upande wa pili wa Nimule. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilileta mofini ya maji inayochanganywa nchini kutokana na unga. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu kuiandikia wagonjwa, na mgonjwa huipata bila malipo. Mpango huo ulilenga zaidi wagonjwa wa saratani na Ukimwi, lakini ulionyesha kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kuiruhusu mofini na bado kuilinda.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapaswa kuwa macho. Barabara ya lami ya kilomita 192 kati ya Nimule na Juba hupitisha sehemu kubwa ya bidhaa za mji huu, na Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Lakini mofini haisafiri kama unga wa ngano. Chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, kila shehena huhitaji kibali cha nchi inayopokea na kibali cha nchi inayotoa. Chupa iliyofichwa kwenye gunia ni kosa la jinai, hata kama aliyeibeba alimhurumia jirani. Mkazi wa Juba aliyepasuliwa Kampala na kupewa dawa ya aina hii aulize mamlaka za dawa za pande zote mbili kabla ya safari, naye awe na barua ya daktari mkononi.

Dawa za dukani nazo zina masharti. Diklofenaki na ibuprofeni ni za familia moja, na kuzimeza pamoja huongeza hatari ya vidonda vya tumbo na madhara ya figo. Parasetamoli huweza kuambatana na mojawapo, lakini mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Tramadoli ni ya kuandikiwa na daktari. Huleta usingizi, na dereva wa lori hapaswi kuimeza akielekea barabarani. Joto la Juba hukaribia nyuzi 38 mwezi Februari na Machi, hivyo dawa iliyoanikwa juani si ya kununuliwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kisu

Kabla ya upasuaji, mgonjwa au ndugu yake amuulize daktari: Nitapewa dawa gani ya maumivu kabla ya ganzi kuisha? Itarudiwa kila baada ya saa ngapi, usiku ukiwemo? Nikitoka hospitali nitaendelea na ipi, na ipi nisiichanganye nayo?

Ndugu anayelala wodini naye ana kazi. Asitegemee neno "tamam". Atazame uso, atazame kama mgonjwa anakohoa, anageuka na anakula, kisha aangalie saa. Dozi ikifika na muuguzi hajaja, ndugu ndiye wa kwenda kumwita.