Gari likipanda, mtoto anabaki chini

Mvua zikianza Kigoma, gari dogo lililotoka Japani huanza kuonekana dogo kweli. Kutoka Ujiji kwenda Mwanga ni lami, lakini nyumba nyingi haziko kwenye lami. Ziko ndani, kwenye vinjia vya mchanga chini ya miembe, ambako maji huchimba mfereji katikati ya njia na kuacha mawe yametokeza. Bampa likigonga chini mara ya kwanza, mwenye gari anasikitika. Likigonga mara ya tatu, anakwenda gereji.

Huko anapewa dawa mbili: spesa juu ya springi, au matairi makubwa. Mara nyingi anaondoka na zote mbili. Jioni gari linaingia uani limesimama kama jogoo, watoto wanalikimbilia kulishangaa, na hakuna anayeuliza kilichobadilika zaidi ya urefu.

Spesa huinua bodi na injini, lakini mhimili wa nyuma unabaki palepale ulipokuwa. Tairi ndilo pekee linaloinua kila kitu kutoka ardhini, ila linainua kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Chukua tairi lililoandikwa 185/65R15. Urefu wake wote, kutoka chini hadi juu, ni karibu milimita 621. Ukifunga 205/65R15, unapata milimita 647. Tofauti ni 26, lakini gari linapanda nusu yake tu, yaani milimita 13, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli. Hiyo haifiki hata upana wa kidole gumba. Ndiyo maana fundi huongeza spesa.

Kuna wanaodhani rimu kubwa ndiyo inayopandisha gari. Si lazima. Rimu namba 16 yenye tairi la 195/55 ina urefu uleule wa milimita 621. Gari halipandi hata kidogo, ila mpira wa pembeni unakuwa mwembamba, na kila shimo linafika moja kwa moja kwenye rimu na kwenye mgongo wa aliyekaa. Kwa mjini inapendeza machoni. Kwa njia ya mawe, na mama mjamzito kiti cha nyuma, ni mateso ya kujinunulia.

Mzazi anapaswa kutazama uani kwanza, kabla ya barabarani. Dereva aliyekaa kwenye gari lililonyanyuliwa anajiona anaona mbali zaidi, na kwa mbali ni kweli. Karibu ni kinyume chake. Yeye amepanda, boneti nayo imepanda pamoja naye, na mtoto ndiye aliyebaki chini. Kwa gari dogo, kunyanyua sentimita 5 kunaweza kurefusha eneo lisiloonekana mbele ya bampa kwa karibu sentimita 20. Mtoto wa miaka miwili ana urefu wa sentimita 85 hivi akisimama. Akiinama kuokota embe au mpira, hayupo kabisa machoni mwa dereva. Nyuma hali ni hiyohiyo, na kamera ya kurudia nyuma iliyokuja na gari huwa imeshajaa vumbi siku nyingi.

Uwanja wa nyumba za Ujiji haujagawanywa kati ya gari na watoto. Palepale panapoegeshwa gari ndipo panapoanikwa nguo, ndipo mdako unapochezwa, ndipo kivuli kilipo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mtoto wa miaka miwili hamo hata kwenye hesabu hiyo, na hatari yake mara nyingi haiko barabarani, iko mlangoni kwao.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Ndoo igeuzwe juu ya kigoda mpaka ifike urefu wa mtoto, iwekwe mbele ya bampa, dereva akae kwenye kiti chake kama kawaida. Mtu mwingine airudishe ndoo nyuma taratibu hadi dereva aseme ameiona. Hatua zilizopigwa hapo ndizo mtoto anazoweza kupotelea. Ifanyike hivyo nyuma pia. Wengi hunyamaza kidogo baada ya kipimo hiki.

Barabarani mabadiliko ni ya polepole zaidi. Kwa matairi ya mfano ule, spidi mita ikionyesha 80 gari linakwenda 83. Si tofauti ya kutisha, lakini breki nazo zinashika tairi kubwa na zito zaidi kwa nguvu ileile ya zamani. Uzito wa gari umepanda juu, kwa hiyo dereva akimkwepa mbuzi ghafla kwenye kona za milima ya Kasulu, bodi inalala upande zaidi kuliko ilivyokuwa. Gari lililojaa familia nzima, na madumu ya mawese juu ya keria, linalala zaidi. Shafti nazo zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inapasuka mapema, kisha unasikia kelele ya ka-ka-ka wakati wa kukata kona.

Gari lijaribiwe likiwa na watu, si tupu pale gereji. Wakae watano, usukani uzungushwe mpaka mwisho kulia na kushoto, na gari lipitishwe taratibu kwenye tuta. Tairi likigusa fenda au mpira wa breki, ni kubwa mno kwa gari hilo, hata kama fundi anasema litazoea. Chuma hakizoei.

Matairi makubwa yanayouzwa kwa bei nafuu mara nyingi ni ya mtumba. Pembeni yana tarakimu nne: 2319 maana yake yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo unaofaa kwa matairi ya asili umeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba ni namba.

Bibi mwenye magoti mabovu hatapanda tena bila kushikwa mkono, na kwake kigoda kidogo ndani ya buti kinasaidia. Kwa njia mbaya sehemu moja tu, karibu na nyumbani, majirani wakichangia kifusi na kufukia mfereji, huenda spesa zisihitajike kabisa. Wanaoamua kunyanyua wafanye kipimo cha ndoo mara mbili: asubuhi gari likiwa na matairi yake ya zamani, na jioni likirudi, kabla watoto hawajatoka nje kulishangilia.