Njia Mbili za Maabara na Mume Asiyepimwa

Katika Lindi, kijiji kimojawapo cha Kibera hapa Nairobi, na vilevile ng'ambo ya Kawangware, mke asiyezaa aghalabu huitwa tasa kabla mumewe hajapimwa. Dhuluma hiyo huendelea hadi maabarani, kwani njia ya kutungisha mimba huko haichaguliki sawasawa pasipo kuchunguzwa mbegu za mume.

Njia ya kwanza ndiyo iliyomleta Louise Brown duniani, kule Uingereza, Julai 1978. Mayai hutolewa mwilini, yakawekwa kisahanini pamoja na maelfu ya mbegu za kiume, na mbegu zikashindana zenyewe. Njia ya pili ilitangazwa mwaka 1992 na Gianpiero Palermo na wenzake mjini Brussels, Ubelgiji. Hapo mtaalamu, akitazama kwa darubini, huchagua mbegu moja tu na kuidunga ndani ya yai kwa sindano ya kioo iliyo nyembamba kupita unywele. Wanaume wenye mbegu chache au dhaifu wakafunguliwa mlango uliokuwa umefungwa.

Watu hudhani kwamba sindano, kwa kuwa ni mpya na ghali zaidi, inamfaa kila mtu. Sivyo. Utafiti wa Ho Chi Minh City, Vietnam, uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet, ulihusu jozi 1,064 za wanandoa ambao waume wao walikuwa na mbegu za kawaida. Baada ya kupandikiziwa kiinitete mara ya kwanza, waliopata mtoto hai ni 35 katika kila 100 kwa njia ya sindano na 31 kwa kisahani. Tofauti ambayo yamkini ni ya bahati nasibu tu.

Barani mwetu, mirija ya uzazi iliyozibwa na maradhi yasiyotibiwa, kama kisonono na klamidia, ni miongoni mwa sababu kuu za ugumba. (Na maradhi hayo, walimu wa bayolojia waseme wazi darasani, wanaume nao huyaleta nyumbani.) Mke wa namna hiyo, ikiwa mumewe ana mbegu nzuri, kisahani kinamtosha. Kwa nini basi alipie sindano, ilhali matibabu yenyewe hugharimu laki kadhaa za shilingi?

Kupima manii kwahitaji kikopo safi, darubini na mtaalamu, kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na hiyo. Lakini mume aliyekwisha kumzungusha mkewe kwa waganga watatu hujiona amevunjiwa heshima akikabidhiwa kikopo hicho.